Usiku ulikuwa wapi? Homa ya msafiri anayetoka ukanda wa Ziwa

Kila baada ya sikukuu za mwisho wa mwaka, mabasi yakishawarudisha watu Arusha, Moshi, Dodoma na Dar es Salaam kutoka Mwanza, maneno huwa yaleyale. Mtu alikwenda kuzika, kusalimia wazazi au kula Krismasi Ukerewe, kisiwani Ziwa Viktoria. Amerudi mzima, amefanya kazi wiki mbili, kisha ghafla kichwa kinagonga, viungo vinauma na baridi inamtetemesha juani. Jirani anamwambia, "Pole ndugu yangu, ni hali ya hewa tu, umetoka kwenye joto la ziwa." Mwenzake kazini anasema ni uchovu wa basi. Wa tatu anamletea vidonge vilivyobaki kwake mwaka jana. Na akifika kupima, anaambiwa ana "wadudu watano", anashusha pumzi, maana watano ni wachache.

Hakuna hata moja kati ya hayo manne la kutegemewa, na hilo la wadudu watano ndilo linalodanganya kuliko yote. Tutalifikia.

Kwanza tukubaliane maneno. Malaria ni ugonjwa unaoletwa na vimelea vinavyoishi ndani ya chembe nyekundu za damu. Vinapandikizwa na mbu jike wa jamii ya Anofelesi, anayeuma kati ya jioni na alfajiri. Havitoki kwenye mvua, maembe, mahindi mabichi wala jua kali. Mvua huongeza madimbwi, madimbwi huongeza mbu, basi. Ziko aina kadhaa za vimelea hivyo. Inayotawala Tanzania ni Plasmodium falciparum, na ndiyo inayoua.

Na msafiri ni nani? Hapa hahitaji pasipoti. Ni mtu yeyote aliyepitisha usiku penye malaria kisha akarudi mahali ambapo malaria ni adimu. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta vimelea kwa asilimia 8 ya watoto wenye umri kati ya miezi 6 na 59 nchini, lakini wastani huo umeficha tofauti kubwa. Tabora walikuwa asilimia 23, ilhali Arusha, Kilimanjaro na Manyara karibu hawakuwepo. Mikoa inayolizunguka Ziwa, yaani Kagera, Geita, Mwanza na Mara, kwa miaka mingi imekuwa upande wa mzigo mzito. Kwa hiyo kutoka Nansio, mji wa Ukerewe, kwenda Moshi ni safari kamili, hata kama hukuvuka mpaka wowote.

Ndiyo maana swali "Ulisafiri?" mara nyingi halimsaidii mhudumu. Mama anasalimu, "Shikamoo daktari." "Marahaba mama, karibu, pole. Umesafiri karibuni?" "Hapana, daktari, nilikwenda tu nyumbani." Kwake kwenda nyumbani si kusafiri, na hajadanganya. Swali bora ni hili: mwezi huu uliopita, na hata miezi mitatu iliyopita, usiku ulikuwa wapi? Linafaa hata kwa mvuvi wa dagaa. Ukimuuliza alilala wapi atakwambia alilala kambini, mchana, ndani ya chandarua. Lakini usiku wa giza alikuwa majini na taa zake, na alfajiri alikuwa mwaloni, pale boti za samaki zinapofikia, akishusha mzigo, saa zilezile ambazo mbu huyu anauma. Chandarua chake kilikuwa kimetundikwa kinamsubiri.

Kalenda ya mwilini

Tuseme mtu amefika Ukerewe tarehe 22 Desemba, na usiku huohuo mbu mwenye vimelea akamuuma. Mbu anatema vimelea vichache tu, makumi kwa kawaida, na ndani ya nusu saa hivi vinakuwa vimeingia kwenye ini. Humo vinakaa siku 6 au 7 vikizaana kimyakimya. Mtu hana homa wala maumivu, na hakuna kipimo cha damu kitakachoviona, kwa sababu damuni bado hamna kitu. Kisha vinamwagika kwa maelfu kuingia kwenye damu, kila kimoja kikatafuta chembe nyekundu ya kukaa. Kila baada ya saa 48 hivi chembe zile zinapasuka, na hapo ndipo homa na kutetemeka huanza.

Kwa hiyo siku ya mapema kabisa ya kuugua ni kama tarehe 29 Desemba. Wengi huugua katika wiki ya pili tangu waumwe, wengine hufika mwezi, na wachache hufika miezi mitatu. Waliomeza dawa za kinga kwa kurukaruka, au ambao miili yao tayari ina kinga ya kiasi, ndio huchelewa zaidi.

Hesabu hiyo inafuta makosa mawili ya kila siku. Aliyeshuka Nansio Ijumaa na kupata homa Jumapili hakuipata hapo. Ama ameibeba alikotoka, ama ni ugonjwa mwingine. Na aliyerudi Arusha tarehe 2 Januari akaenda kupima tarehe 3 "kujihakikishia", akaambiwa hana kitu, bado hajahakikisha lolote. Akipata homa tarehe 14, ile karatasi ya tarehe 3 haina kazi, apime upya siku hiyohiyo.

Mzaliwa wa huku naye anaugua

"Mimi nimezaliwa Ukerewe, nimekua na malaria, haiwezi kuniangusha." Sentensi hii ina ukweli wa zamani. Mtoto anayeumwa na mbu wenye vimelea mwaka hadi mwaka, akisalimika, mwili wake hujifunza kuvidhibiti. Anaweza kutembea na vimelea damuni bila homa. Lakini kinga hii haifanani na ile ya surua, ambayo ukishaipata huwa yako maisha yote. Ni kama njia ya miguu kichakani: ikipitwa kila siku hubaki wazi, isipopitwa nyasi huifunga. Aliyehama miaka mitano kwenda Moshi, au aliyekwenda kusoma Ulaya, nyasi zimeshaota. Watoto wake waliozaliwa huko hawajawahi kuwa na njia yoyote, na wakija kumwona bibi ndio wa kuangaliwa zaidi. Mjamzito naye, hata aishi hapahapa Ilemela, Mwanza, kinga yake hushuka.

Huko Uingereza, kwa mfano, sehemu kubwa ya wanaogunduliwa na malaria ni watu wenye asili ya Afrika waliokwenda kusalimia ndugu. Mtalii huonywa na kupewa dawa za kinga. Anayekwenda kwao haoni kwa nini ajikinge na nyumbani.

Vipimo viwili, na siri ya wadudu watano

Malaria haijulikani kwa kumtazama mtu wala kwa kumgusa paji la uso. Mafua makali, dengi, nimonia, maambukizi ya njia ya mkojo, vyote huanza kwa homa na kichwa. Lazima damu ipimwe, na njia za kawaida ni mbili.

Ya kwanza ni kipimo cha haraka, kinachojulikana vituoni kama mRDT. Tone dogo la damu ya kidole linawekwa kwenye kijidirisha kimoja, matone ya dawa kwenye kingine, kisha unasubiri dakika 15 hadi 20 kadiri maelekezo ya pakiti yanavyosema. Mstari wa C ukitokea peke yake, hakuna malaria iliyoonekana. Mistari ya C na T ikitokea, ipo, hata kama wa T ni hafifu kama uzi. Mstari wa C usipotokea, kipimo kimeharibika, kirudiwe na kingine. Makosa ya kawaida ni kusoma dakika ya tano kwa sababu foleni ni ndefu, kusoma baada ya saa nzima, kuzidisha matone, au kutumia kifaa kilichofunguliwa asubuhi kikaachwa mezani kikanyonya unyevu.

Kipimo hiki hakitafuti kimelea chenyewe. Kinatafuta protini ambayo kimelea cha falciparum humwaga kwenye damu. Ukifika mwaloni ukakuta magamba, unajua samaki walikuwepo. Hujui kama bado wapo. Ndivyo ilivyo hapa: mtu akitibiwa akapona kabisa, protini ile inaweza kubaki damuni wiki kadhaa, hata mwezi na zaidi. Wengi huhitimisha kwamba "malaria yangu ni sugu" kwa kurudia kipimo hiki siku ya kumi, kumbe wanapima magamba.

Njia ya pili ni hadubini, ambayo wengi huiita bi-esi. Damu hupakwa kwenye kioo kwa namna mbili: tone nene la kutafuta kama vimelea vipo, na tone lililosambazwa jembamba la kutambua ni aina gani. Tone nene sharti likauke, lipakwe rangi ya Giemsa, lioshwe, likauke tena, kisha mtaalamu apitie angalau maeneo 100 ya kioo kabla ya kusema hakuna. Kazi hiyo ikifanywa vizuri inakaribia saa nzima. Jibu la hadubini likitoka dakika 10 baada ya kutoboa kidole, una haki ya kuuliza kwa upole kilichofanyika ni kipimo gani.

Sasa wale wadudu. Mtaalamu anapoandika 5/200 maana yake, alipokuwa akihesabu chembe nyeupe 200 za damu, alikutana na vimelea vitano. Damu ya mtu huchukuliwa kuwa na chembe nyeupe zipatazo 8,000 katika kila mikrolita, yaani katika sehemu moja ya milioni ya lita. Kwa hiyo vitano kwa 200 ni sawa na vimelea 200 kwa mikrolita. Mtu mzima ana damu lita 5 hivi, yaani mikrolita milioni 5. Zidisha: wale "wadudu watano" ni vimelea bilioni moja.

Kwa mtu asiye na kinga, idadi hiyo inaweza kuongezeka mara kumi kila siku mbili. Bilioni moja ya Jumatatu inaweza kuwa bilioni 10 Jumatano na bilioni 100 Ijumaa. Jumapili, kati ya kila chembe nyekundu 100, nne zimeshakaliwa. Hiyo ndiyo safari ya mtu aliyeambiwa ana wachache akaamua kusikilizia.

Kuna vituo vinavyotumia alama za kujumlisha badala ya hesabu hiyo: moja ni vimelea 1 hadi 10 katika maeneo 100 ya kioo, mbili ni 11 hadi 100, tatu ni 1 hadi 10 katika kila eneo, na nne ni zaidi ya 10 katika kila eneo. Kwa hiyo "malaria mbili" ya kituo kimoja si "malaria mbili" ya kingine, na kulinganisha yako na ya shemeji hakuna maana. Isitoshe, vimelea vya falciparum vikikomaa hunata kwenye kuta za mishipa midogo ya ubongo, figo na mapafu, na haviji kwenye damu ya kidole. Mvuvi wa dagaa huona waliopanda kwenye mwanga wa taa yake. Walio chini hawaoni. Mgonjwa anaweza kuwa na hesabu ndogo kiooni na hali mbaya kitandani, na hapo kinachofuatwa ni hali yake.

Watu wanaosema "malaria imejificha" wamegusa ukweli huo, ila wanautumia vibaya: wanameza dawa bila kupima, au baada ya kipimo kimoja kisichoonyesha kitu. Njia sahihi kwa msafiri mwenye homa ambaye kipimo cha kwanza hakikuonyesha malaria ni kurudia hadubini baada ya saa 12 hadi 24, na tena, mpaka vipimo vitatu ndani ya siku mbili au tatu. Huku vipimo vikirudiwa, sababu nyingine zitafutwe. Na aliyemeza parasetamoli akasikia nafuu asiahirishe kupima. Dawa hiyo hushusha joto, vimelea haviguswi.

Kisicho malaria

Hapa ndipo "malaria na taifodi" huandikwa kwenye cheti kimoja kana kwamba ni mapacha. Kipimo cha Widal kinachotumika sana hutafuta askari wa mwili dhidi ya bakteria wa taifodi, na askari hao hubaki muda mrefu baada ya vita vya zamani, tena hufanana na wa vita vingine. Kipimo kimoja cha Widal peke yake hakithibitishi taifodi. Kinachoaminika ni kuotesha damu maabara, huduma iliyopo hospitali kubwa kama Bugando ya Mwanza.

Aliyeogelea au kukanyaga maji ya ufukwe wa Ziwa kwenye matete, na wiki tatu hadi nane baadaye akapata homa, kikohozi na upele wa kuwasha, afikiriwe kichocho kichanga, hasa kama ni mgeni ambaye hajawahi kukutana na maji haya. Mkojo na choo huweza kuwa havina mayai bado, kwa hiyo kipimo cha kawaida humkosa. Anayetoka Dar es Salaam wakati wa mlipuko wa dengi, kama ule wa 2019, afikiriwe dengi. Zikipita siku 14 tangu atoke huko kabla homa haijaanza, dengi huondolewa kwenye orodha. Mpaka ijulikane, asipewe diklofenaki wala aspirini, kwa sababu ya hatari ya kutoka damu.

Na kwa Kanda ya Ziwa kuna sababu nyingine nzito ya kusema ukweli kuhusu ulikokuwa. Mkoa wa Kagera ulipata mlipuko wa Marburg mwaka 2023, na tena mwaka 2025 wilayani Biharamulo. Yote ilidhibitiwa. Lakini homa ya mtu aliyemuuguza au kumzika mgonjwa wa namna hiyo ndani ya siku 21 zilizopita inabadilisha kila kitu kuhusu namna wahudumu wanavyojikinga kabla ya kumgusa.

Tiba ya kumeza

Malaria isiyo kali hutibiwa Tanzania kwa dawa mseto, ALu, yaani atemetha na lumefantrini ndani ya kidonge kimoja. Atemetha huua vimelea vingi kwa haraka, lakini huisha mwilini ndani ya saa chache. Lumefantrini ni ya polepole, hubaki siku kadhaa ikimalizia waliosalia. Ukikatisha dozi homa iliposhuka siku ya pili, umewaua wengi na kuwaacha wale waliovumilia, ambao ndio wa kurudi.

Dozi hufuata uzito, kwa kidonge chenye miligramu 20 za atemetha na 120 za lumefantrini. Kilo 5 hadi chini ya 15 ni kidonge kimoja kila mara, 15 hadi chini ya 25 viwili, 25 hadi chini ya 35 vitatu, na 35 kuendelea vinne. Humezwa mara sita ndani ya siku tatu, kwa hiyo mtu mzima humaliza vidonge 24. Mtoto wa chini ya kilo 5 aonwe na daktari.

Penye kosa kubwa ni dozi ya pili. Inamezwa saa 8 baada ya ya kwanza, siyo 12. Aliyeanza saa mbili usiku ameze ya pili saa kumi alfajiri, aweke kengele kwenye simu. Ya tatu ni saa mbili usiku wa siku ya pili, kisha saa mbili asubuhi, saa mbili usiku na saa mbili asubuhi. Aliyeamua kulala moja kwa moja mpaka asubuhi amekiacha kimelea kipumue usiku wa kwanza, wakati ambapo dawa ya haraka imeshapungua.

Kosa la pili ni kumeza kwa maji matupu. Lumefantrini hunyonywa vizuri ikikutana na mafuta. Kikombe cha maziwa, chai ya maziwa na chapati, uji wenye karanga, sato wa kukaanga, chochote kati ya hivyo kinatosha. Mgonjwa asiye na hamu ya kula apewe maziwa kidogo, na mtoto anayenyonya anyonye. Akitapika ndani ya nusu saa, dozi irudiwe yote. Akitapika kila anachomeza, tiba ya vidonge imeshindikana, apelekwe hospitali.

Anayetumia rifampisini kwa kifua kikuu amwambie mhudumu kabla ya kupewa ALu, kwa sababu rifampisini hupunguza sana dawa hii mwilini. Mjamzito aseme ana mimba ya muda gani. Shirika la Afya Duniani limependekeza ALu hata kwa miezi mitatu ya kwanza tangu mwishoni mwa 2022, lakini uamuzi ni wa mhudumu anayemwona. Na aliyepata malaria huku akimeza dawa fulani ya kinga asitibiwe kwa dawa hiyohiyo.

Mwarobaini na chai za majani hazina dozi inayojulikana. Hata zikishusha homa kidogo, zinakula siku ambazo mgonjwa hana za kupoteza.

Dripu, sindano na malaria kali

Wapo wanaodai sindano kwa kuamini ni kali kuliko vidonge, na wapo wanaoomba dripu "isafishe damu". Kwa anayeweza kumeza, vidonge vinatosha. Dripu ya maji haiui kimelea, na maji yakizidi kwa mgonjwa wa malaria kali huingia kwenye mapafu.

Sindano ni ya malaria kali, na malaria kali ina sura yake: kuchanganyikiwa au kulala bila kuamka, degedege, kushindwa kuketi au kusimama bila msaada, kutapika kila kitu, kupumua kwa shida, macho ya njano, mkojo mweusi kama chai ya rangi, kutoka damu, kupauka sana. Moja tu kati ya hizo inatosha kuacha mjadala wa nyumbani. Degedege siyo kazi ya mganga. Mlaze mtoto kwa ubavu, usimtie kitu mdomoni, na anzeni safari ya hospitali.

Dawa ya kwanza ni atesuneti ya sindano, miligramu 2.4 kwa kila kilo ya mwili, na miligramu 3 kwa kila kilo kwa mtoto wa chini ya kilo 20. Mtu wa kilo 60 anahitaji miligramu 144, yaani chupa tatu za miligramu 60 zinafunguliwa. Hutolewa anapofika, baada ya saa 12, baada ya saa 24, kisha mara moja kila siku. Angalau dozi tatu zitolewe hata kama ameamka na kuomba uji, na akishaweza kumeza hupewa dozi kamili ya ALu. Wengi huruhusiwa baada ya sindano, wakaacha vidonge kwa kudhani sindano imemaliza. Haijamaliza. Atesuneti nayo huisha mwilini haraka.

Kwinini ilitumika miaka mingi, lakini utafiti uliofanywa kwa watoto 5,425 katika nchi tisa za Afrika, Tanzania ikiwemo, ulionyesha mwaka 2010 kwamba atesuneti ilipunguza vifo kwa asilimia 22.5 ikilinganishwa nayo. Ndiyo sababu kwinini imebaki dawa ya akiba.

Mgonjwa akiwa kisiwani na boti ni ya kesho, zahanati humpa sindano moja ya atesuneti msulini kabla ya rufaa. Mtoto wa chini ya miaka sita anaweza kupewa ya kuwekwa njia ya haja kubwa. Hiyo ni ya kununua muda wa kuvuka maji. Familia nyingine humwona mtoto amechangamka, ikaghairi safari. Wavuke hivyohivyo.

Homa ikirudi

Kwa kawaida homa hushuka ndani ya siku mbili tatu za dawa. Ikibaki baada ya siku ya tatu, au ikirudi ndani ya wiki nne, kinachohitajika ni hadubini, siyo mRDT, kwa sababu ya yale magamba. Vimelea vikionekana tena, mhudumu hubadilisha aina ya dawa mseto.

Jambo hili lina uzito maalumu ng'ambo ya Ziwa. Mkoani Kagera, kama ilivyo Rwanda na Uganda, wamethibitishwa vimelea vyenye usugu wa kiasi kwa dawa za jamii ya atemisinini, ambamo atemetha na atesuneti zimo. Maana yake vinaondoka damuni polepole zaidi. Haimaanishi ALu imekufa, kwa sababu lumefantrini bado inafanya sehemu yake. Ila dozi nusu sasa ni ghali kuliko zamani, na mgonjwa aliyetoka huko ambaye hadubini ya siku ya tatu bado inaonyesha vimelea ni taarifa ambayo daktari anaitaka.

Kuna pia homa inayorudi baada ya miezi. Aliyetoka Ethiopia au India anaweza kuwa na Plasmodium vivax, ambayo huacha baadhi ya vimelea vimelala kwenye ini. Fikiria samaki aitwaye kamongo anavyojizika kwenye tope bwawa linapokauka, mvua ikinyesha anatoka. ALu huua walio damuni, haimfikii kamongo. Huyo hutolewa kwa dawa iitwayo primakwini, kwa kawaida siku 14, baada ya kupima kimeng'enya kiitwacho G6PD, kwa sababu mwenye upungufu wake anaweza kupasukiwa chembe nyekundu za damu. Mjamzito hapewi.

Aliyetibiwa kwa atesuneti ya sindano naye ana deni moja. Kati ya siku ya 7 na ya 30, wachache hupungukiwa damu ghafla, hasa wasafiri wasio na kinga waliokuwa na vimelea vingi. Wingi wa damu upimwe siku ya 7, 14, 21 na 28. Akiona mkojo mweusi au akichoka kupita kiasi, arudi kabla ya tarehe.

Kabla ya kupanda basi au boti

Anayekuja Ziwani kutoka mahali pasipo na malaria azungumze na daktari kuhusu dawa za kinga. Doksisiklini, miligramu 100 kila siku, huendelea wiki 4 baada ya kuondoka, kwa sababu haiui walio kwenye ini bali huwasubiri watoke. Atovakwoni na proguanili huwafikia humohumo, ndiyo maana huendelea siku 7 tu. Wengi huacha siku wanayofika nyumbani, na hapo ndipo malaria ya wiki ya tatu inapoanzia. Doksisiklini haifai kwa mjamzito wala mtoto wa chini ya miaka minane.

Chandarua nacho kina aina. Utafiti uliofanywa wilayani Misungwi, jirani na jiji la Mwanza, ulionyesha mwaka 2022 kwamba vyandarua vyenye viuatilifu viwili, kimojawapo klofenapiri, vilipunguza malaria kwa watoto kwa asilimia 44 ndani ya miaka miwili vikilinganishwa na vile vya kawaida vyenye kiuatilifu kimoja, pairethroidi, ambayo mbu wa huku wameizoea.

Na kwenye simu, andika mistari mitatu kabla hujasahau: usiku wa kwanza na wa mwisho uliokaa huku na mahali penyewe, dawa ulizomeza na tarehe ulizoacha, na kama uliingia ziwani. Daktari wa Arusha, au wa London, ambaye hajaona malaria mwaka mzima, akisoma mistari hiyo ataomba kipimo kabla hujamaliza kueleza kichwa kinavyouma.